Waksi Ilikuwa Bado Mbichi

Ndugu zangu, fungeni vitabu vya nyimbo kidogo mnisikilize. Mama zangu mlio nyuma, sogeeni, maana mfano huu ni wenu pia.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyepanda basi kwenda kwa dada yake, katika mji wa mlimani, kwa sababu binti wa dada yake alikuwa anaolewa. Alifika siku moja kabla ya harusi, amekumbatia kuku wake, miguu imevimba kwa safari. Nyumba aliikuta imejaa kama gulio. Huku wanachambua mchele, kule wanapaka chokaa ukuta wa mbele, na nje masufuria makubwa yako juu ya kuni mbichi, moshi umetanda mpaka sebuleni. Wanawake wakampigia vigelegele. "Mama mdogo wa bibi harusi huyoo! Leo utasonga ugali wa kambi nzima!" Akacheka nao, akaweka kuku chini, akauliza bibi harusi yuko wapi.

Dada yake alimshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma, akafunga mlango kwa komeo.

Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, mikono juu ya magoti. Nywele zilikuwa zimeshasukwa vizuri na mikono imepakwa hina. Lakini mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia mbio ndefu, na kifua kilikuwa kinalia filimbi. Mama mdogo aliifahamu filimbi ile. Binti alikuwa na pumu tangu utoto.

"Dawa yake ya kuvuta iko wapi?" akauliza.

"Imekwisha."

"Na hamkununua nyingine? Duka la dawa si lile nimelipita pale barabarani?"

"Muuzaji wake ni binamu yake bwana harusi," dada yake akanong'ona. "Nikanunue dawa ya pumu kwa mtu wa upande wao, leo? Wewe una akili?"

Maana wale walipokuja kuposa waliuliza, kama ilivyo desturi, kama kuna ugonjwa katika ukoo. Mzee wa familia akajibu kwamba hakuna, binti ni mzima kama chuma. Neno likishatoka mdomoni mwa mzee mbele ya wageni, nani atalirudisha? Tangu siku ile, kila walipokuja watu wa upande wa mume, binti alinyweshwa chai ya tangawizi, akawekwa karibu na dirisha, akaambiwa apumue kwa pua na atabasamu.

"Nenda wewe," dada yake akasema. "Wewe hapa hawakujui. Dukani usiingie, yule lazima aulize dawa ni ya nani. Tafuta gari. Sema kuna mtu wetu anaumwa, basi. Usimtaje."

Binti akainua kichwa. Kila neno lilimgharimu pumzi nzima. "Mama mdogo. Waambie. Ni mimi."

"Nyamaza wewe, unamaliza pumzi," mama yake akamwambia, na huku akimfuta jasho kwa upendo kabisa. Nataka mlielewe hilo. Mama yule alimpenda mwanawe.

Mama mdogo akatoka kwa mlango wa uani. Mtaa ule haukuwa na magari mengi, na yaliyokuwapo yalikuwa yameazimwa kwenda kubeba viti na mahema ya harusi. Alipita nyumba hii akaambiwa hakuna, akapita ile akaambiwa hakuna, mpaka alipofika kwenye kona akaona gari dogo jeusi limeegeshwa chini ya turubai, na mwanamume amepiga magoti kando yake, suruali amekunja mpaka magotini, anasugua mlango taratibu kwa kisponji.

"Hodi, kaka."

"Karibu, dada. Karibu, lakini usiguse hapo!" Akaruka akasimama kati yake na gari. "Hapo bado mbichi. Ndiyo naipaka waksi."

Alikuwa mtu mchangamfu, wa kupenda kusimulia, na hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza tangu asubuhi. "Unaona boneti lilivyogeuka kama kioo chenye mvuke? Ndivyo inavyotakiwa. Watu wengi wanapaka waksi kama wanapaka siagi kwenye mkate, halafu wanashangaa gari halitoi mng'ao. Inatakiwa nyembamba, kama mafuta usoni mwa mtoto mchanga. Na kabla ya kupaka unaosha kwanza. Si kwa sabuni ya unga, hiyo inakula rangi. Halafu kivulini, maana juani inakaukia..."

"Kaka, nina mgonjwa."

Mwenye gari akaweka kisponji juu ya kopo. "Mgonjwa gani?"

"Anashindwa kupumua. Nakuomba utufikishe kituo cha afya. Si ni hapo juu tu?"

"Ni hapo juu, ndiyo." Akaliangalia boneti lake, akaiangalia barabara ya vumbi jekundu. Uso wake ulionyesha kweli kwamba anahangaika. "Dada yangu, ungekuja asubuhi! Nikilitoa sasa hivi, vumbi lote la mlima huu litaganda kwenye waksi, na nikija kufuta nitakuwa nalikwaruza mwenyewe kama nalisugua kwa mchanga. Na si hilo tu. Gari hili kesho linambeba bibi harusi."

"Bibi harusi?"

"Bibi harusi wa mtoto wa kaka yangu. Mimi ndiye baba mdogo wa bwana harusi. Na wewe unajua mambo ya kwetu: gari la bibi harusi likitangulia kubeba mgonjwa, ndoa nayo inaugua. Shangazi zake wakisikia, watanichinja badala ya mbuzi."

Mama mdogo akalitazama gari. Kumbe ni huyu. Kumbe ni gari hili lenyewe. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Angelisema, mtu huyu angeacha kisponji chake palepale na kuliwasha gari na waksi yake mbichi. Alijua hivyo. Lakini alijua pia kwamba kabla ya jua kuzama mji mzima ungejua kwamba mzee alidanganya, na dada yake angemwambia maisha yake yote: ulikuja na kuku wako, ukavunja ndoa ya mwanangu.

"Kwani mgonjwa mwenyewe ni nani?" mwenye gari akauliza. "Ni mtu wa hapa?"

Ndugu zangu, aliuliza! Msiseme hakuuliza. Mlango uliachwa wazi mbele ya yule mama, alichotakiwa ni kuingia tu.

"Ni mgeni," akasema. "Nimekuja naye kwenye basi."

"Aa. Basi mpelekeni kwa bodaboda, hiyo inakwepa mashimo vizuri kuliko gari." Moyo wake ukatulia, akaokota kisponji chake, na mzaha ukamrudia. "Maana kesho, hata askofu akinipungia mkono njiani, namwambia, baba, tembea kwa miguu, humu anapanda bibi harusi tu!"

Akacheka. Mama mdogo naye akacheka. Kicheko kile kilitoka wapi, hata yeye hakuweza kueleza baadaye.

Bodaboda ikapatikana, ikaletwa uani, mbali na macho ya wageni. Wakampakiza binti katikati, mama mdogo nyuma yake amemshikilia kiunoni. Dereva akawa anataka kuondoka, mama mtu akasema subiri. Akaingia ndani, akarudi na kitenge, akamfunika binti kichwa na uso, akafunga fundo nyuma ya kisogo. "Mtapita mbele za watu," akasema. "Asije akaonekana."

Mtu asiyepata pumzi, ndugu zangu. Akafungwa kitambaa usoni.

Wakapita pale kwenye kona. Mwenye gari alikuwa amefika kwenye kufuta. Ule ukungu alikuwa anauondoa kwa kitambaa kikavu, na chini yake weusi unatokea, mzito, unang'aa mpaka pikipiki ikaonekana inapita ndani ya mlango wa gari pamoja na watu wake. Akainua kitambaa juu kuwasalimu. "Poleni na mgonjwa!"

"Tumeshapoa!" mama mdogo akajibu.

Kwenye kona ya juu, binti aliinua mkono, akashika kitenge kwenye kidevu chake akakivuta. Hakuwa na nguvu ya kufungua fundo. Mama mdogo akaushika mkono ule akaurudisha chini polepole, kwa sababu palikuwa na wanawake wanachota maji kando ya njia, na mmoja wao alikuwa amevaa sare ya kamati ya harusi. "Vumilia, mwanangu, tunafika." Mbele kidogo kichwa cha binti kikamlalia begani. Filimbi ya kifuani ikanyamaza. Mama mdogo akadhani amepata usingizi. Akashukuru, akamwambia dereva apunguze mwendo asimwamshe.

Kituoni, nesi alipofungua kitenge hakukimbilia dawa wala mtungi wa hewa. Alimtazama binti, akamtazama mama mdogo, akauliza kwa sauti ya chini: "Mbona mmemfunika uso?"

Kesho yake, saa ambayo kengele ya harusi ingelia, watu wa upande wa mume walikuja na kukaa chini kwenye mikeka pamoja na wafiwa. Yule mwenye gari alikuja nao, akamwona mama mdogo akamtambua. Akasimama mbele yake. "Dada, si nilikuuliza?" akasema. "Si nilikuuliza mgonjwa ni nani?" Mama mdogo hakuinua macho. Akamuuliza tena, na tena, mpaka wenzake wakamshika na kumtoa nje.

Ndipo mama yake bwana harusi, mwanamke mnene, mtulivu, akauliza ni ugonjwa gani uliomchukua mkwewe. Sasa hapakuwa na cha kuficha. Wakamwambia: pumu.

"Pumu?" akasema. Kisha akasema mbele ya mawifi zake wote, "Mimi ninayo. Ninayo tangu nilipoolewa katika nyumba ile. Huwa navutia dawa chooni, maji nimefungulia, ili hawa wasinisikie." Akamgeukia mama wa marehemu. "Jana nilikuwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Dawa nilikuwa nayo mkobani. Mbona hukuniita?"

Mama hao wawili wote walijua jibu.

Sasa nawauliza ninyi mlioketi hapa. Nani alimuua yule binti? Naona nyuso zenu. Wengine mmeshamhukumu mwenye gari, kwa sababu alipenda mng'ao wa gari lake. Wengine mmemhukumu mama. Wengine mama mdogo, aliyeushika ule mkono. Sawa. Lakini hebu niulize jambo jingine. Walikuwa wanamficha nani? Ukuta wa mbele ulipakwa chokaa aone nani? Kile kitenge kilifungwa ili nani asione?

Walikuwa wanatuficha sisi.

Sisi tunaosema, "Msioe nyumba ile, wana kifua." Sisi tunaoketi kwenye mabenchi haya haya, na msichana akipita tunagusana viwiko. Sisi ambao mtu akitueleza shida yake Jumapili, Jumatatu imeshafika kisimani. Watu wanatuogopa kuliko wanavyoogopa kufa. Je, si kweli? Yule binti peke yake ndiye alitaka kusema, na akaambiwa anamaliza pumzi.

Mtu akipaka gari waksi hafanyi kosa. Kazi ya waksi ni kuzuia maji yasiingie: tone likidondoka linajikusanya, linateleza, linaanguka chini, na bati linabaki kavu. Ni vizuri kwa bati. Lakini tutazameni sisi. Mtu anatuuliza, "Habari za nyumbani?" Nasi, mtoto yuko kitandani hajala, mume hajarudi, moyo umepasuka, tunajibu, "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Swali limeteleza limeanguka chini. Na aliyeuliza anashukuru limeanguka, kwa sababu naye hakutaka kubeba mtu.

Humu ndani leo yuko mtu ambaye kifua chake kinalia filimbi. Sisemi kifua cha nyama tu. Amevaa vizuri, ameimba vizuri, na hapati pumzi. Pengine umekaa naye benchi moja. Tukitoka nje tutashikana mikono na kuulizana habari. Utakayeulizwa, mwaka huu mmoja tu, sema kweli. Na wewe utakayeambiwa, usiseme "maskini," usimtafute wa kumsimulia. Funga mdomo, ufungue mlango wa gari.