Dadu Nne za Kombo Seremala

Hasira hupanga dadu, haiinui kikombe. Mmeisikia leo, mkacheka, mkadhani ni maneno ya wacheza kamari. Haya, acheni kucheka niwaambie ilikotoka.

Wete alikuwapo msichana aitwaye Mize, binti wa Kombo seremala. Kombo alichonga dadu nne za mpingo, akizichezea ludo barazani kwa Shaali, muuza kahawa. Alipofariki, Mize alikwenda kuzitaka. Shaali akamjibu mbele za watu, "Hizi za baraza. Baba yako alikuwa akizisimamisha kwa kikombe, moja juu ya nyingine. Zisimamishe na wewe, uzichukue. Huwezi, rudi jikoni kwenu."

Lo! Mize alirudi nyumbani kwa ghadhabu. Baba kafa hata arubaini haijatimia, na muuza kahawa keshajirithisha!

Akaazima dadu za jirani, akatwaa kikombe cha chai. Akakifudikiza mezani, akakipeleka kushoto na kulia mbiombio, akizizoa dadu. Zikarukia uvunguni.

"Kikombe hicho mdomo mpana, zitashika wapi?" mama yake, Bi Time, akamwambia. "Chukua kile cha bati cha baba yako, ubavu wake umenyooka."

Kwa kikombe cha bati akaanza kuelewa. Ukienda polepole, dadu huanguka. Ukienda kwa kasi, mwendo wenyewe huibana dadu kwenye ubavu, ikapanda, ikaacha nafasi chini yake kwa inayofuata. Na kila Mize alipomkumbuka Shaali, kasi ilizidi. Hasira ilimfaa, nisiseme uongo.

Kasheshe ikawa kuinua. Ukisimamisha mkono, dadu hutua moja juu ya nyingine humo ndani, huzioni. Kikombe sharti kinyanyuliwe wima, taratibu, kisiguse hata moja. Mize alikikwapua, na mnara ukaporomoka. Siku kumi nzima ukaporomoka.

"Vuta pumzi kwanza," mama yake akasema.

"Sina nafasi ya kuvuta pumzi, mama! Yule mtu ana dadu za baba!"

Siku ya kumi na moja alikuwa amechoka hata kukasirika. Akainua polepole. Zikasimama zote nne. Akarudia mara tatu, zikasimama.

Ijumaa baada ya sala akaenda barazani na kikombe cha bati. Shaali akazitupa dadu za mpingo mezani. Mize akazizoa moja baada ya nyingine, zikigonga bati, kisha akasimamisha mkono. Hazikugonga tena. Zilikuwa zimepangika, na kila aliyekaa pale alijua. Shaali naye alijua. Akainama, akasema, "Kombo angeona haya, bintiye kujianika mbele za wanaume."

"Usimtaje baba yangu!" Mize akafoka, na mkono ukaondoka na neno.

Dadu mbili zilibaki zimesimama. Mbili zikabingirika hadi miguuni mwa Shaali.

"Nipe mara moja tena," Mize akasema.

"Mara moja ilikuwa hiyo."

Na wale wazee wa barazani, kahawa ya Shaali mikononi, hakuna aliyefungua kinywa. Wanaume wazima! Mpaka leo nikiwakumbuka, natamani kuwazaba vibao.

Mize alifika nyumbani analia. "Shaali kaziangusha," akamwambia mama yake.

"Shaali alishika kikombe?"

Mize akautazama mkono wake mwenyewe.

"Ndani zilisimama, mama," akasema. "Hasira ilizipanga zote nne. Ila kuinua haikujua."

Shaali alikuwa dhalimu, na alikufa na dadu zile mfukoni. Mimi siwaambii msikasirike. Anayedhulumiwa asikasirike ana nini? Lakini kila Mize alipomwona mtu anakwenda kudai haki yake huku macho yamemwiva, alimshika mkono, akamwambia: hasira hupanga dadu, haiinui kikombe.