Kona ya Kibao cha Mikate

Hapo zamani, maduka yalipokuwa bado yanaandikwa majina kwa brashi na mkono wa mtu, palikuwa na mji wa bara ukiitwa Nyabihembe. Humo walikaa Perepetua na mumewe Anatoli, fundi wa vibao. Anatoli alichora, Perepetua alichanganya rangi. Ndivyo Mungu alivyowapangia, nao walishukuru.

Kila mwaka, baada ya Misa ya mavuno, vibao vipya vilipangwa sokoni, na wenye maduka wakachagua kilicho bora. Fundi aliyeshinda alichovya brashi mbele ya watu wote, akaandika jina lake kwenye kona ya chini. Kibao kisichoshinda hakikuandikwa jina la fundi kamwe. Na aliyeandikwa ndiye aliyeitwa mwaka mzima, kila mwenye duka alipotaka kibao. Kona ilikuwa moja, na jina moja. Tena palikuwa na mwiko: fundi akitia brashi kwenye kibao cha mwenzake, chake kinatolewa mashindanoni.

Anatoli hakuwahi kushinda. Mwaka ule Mama Edvina, mwoka mikate, alimwagiza kibao. Anatoli akachora kwa chaki mkate uliokatwa, mvuke ukipanda, na mvuke wenyewe ukijikunja kuwa herufi za jina la duka. Jambo hilo halijapata kuonekana! Alipoiweka chaki chini, homa ikamlaza. Hakuinuka tena. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Perepetua alilia. Kulia hakuishi, lakini alipoweza kusimama, alikitazama kile kibao cha chaki, akaona hawezi kukifuta. Akachanganya kahawia na njano, akadondoshea nyekundu kidogo. Akapaka, akafuta, akapaka tena, hata ganda la mkate likawa kama limetoka tanurini sasa hivi. Lakini herufi zilimshinda. Maisha yake yote alichanganya rangi, hakuwahi kuandika.

Ndipo akaja Kalisti, fundi wa mtaa wa pili. Kibao chake cha kinyozi, kila mtu alisema ndicho kitakachoshinda.

"Shemeji, nipe brashi ndogo."

"Kalisti, umesahau mwiko? Chako kitatolewa!"

"Na kitolewe. Kinyozi mwenyewe ana upara, nani angemwamini?"

Perepetua akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kalisti akaandika herufi zote akifuata chaki ya marehemu, bila kuongeza mkunjo wake hata mmoja.

Siku ikafika. Kibao kilipofunuliwa, soko zima lililipuka kwa vigelegele! Mwanamume mmoja akaruka kutoka kwenye baiskeli, akamkimbilia Mama Edvina.

"Mama, nipe ule uliokatwa!"

"Ule ni ubao, baba! Utang'oka meno!"

Wenye maduka hawakukaa hata kushauriana. "Cha mikate! Cha mikate!" Perepetua akasahau kufuta machozi. Mama Edvina akamtia brashi mkononi.

"Haya mwanangu. Aandikwe nani?"

"Anatoli," akasema Perepetua. "Yeye ndiye aliyeona mvuke ukisema. Sisi tulifuata tu. Vibao vyake vimejaa mji huu, na hakuna hata kimoja kinachomtaja. Nikimwacha leo, atatajwa wapi tena?"

Mama Edvina akatikisa kichwa. "Marehemu tunamwombea, Mungu ampumzishe. Lakini kesho mwenye duka akimwita, ataitika? Chaki haijamtia mtu njaa. Kilichomshusha huyu baba kwenye baiskeli ni rangi, na rangi ni yako. Andika Perepetua, uitwe kazini, ule."

Kalisti naye akakohoa. "Na mimi je? Mkate bila herufi, mtu angeshiba macho asijue aende duka gani. Tena Anatoli alitoa wazo, shemeji akatoa rangi, lakini ushindi uliotupwa ni wangu mimi."

"Ee!" wakamzomea. "Si ulikuja kusaidia?"

"Nilikuja kusaidia, ndiyo. Nani aliwaambia msaidizi hana jina?"

Hapo wengine wakapiga makofi, wakasema, "Kweli, bwana, kweli!"

Perepetua akapiga magoti mbele ya kibao. Upande huu waliita, "Anatoli!" Upande ule, "Perepetua!" Nyuma yake, "Kalisti!" Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akafanya ishara ya msalaba, akachovya brashi, rangi ikajaa nchani, ikawa tayari kudondoka.

Nanyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Shikeni brashi hiyo kwa mkono wenu wenyewe, mtuambie: je, nani alistahili kuandikwa pale konani?