Salamu Zilizokataliwa Mlangoni

Kisomeni kisa hiki taratibu, hasa ninyi wenye haraka.

Bwana Mwaijande alikuwa mkurugenzi, na barua pepe zilikuwa zimemfika shingoni. Akiamka zinaingia, akila zinaingia. Namba ya simu alishaibadilisha ili ndugu wasimpigie. Aliwaachia anwani ya barua pepe tu, na huko nako wakajaa.

Akamwita Bi Sikitu, fundi wa kompyuta pale ofisini, amwekee kichujio cha kuzipunguza.

"Kichujio tukiweke wapi, bosi?" Sikitu akauliza. "Ndani, zikishaingia uzipange mwenyewe? Au mlangoni, zisiingie kabisa?"

"Mlangoni! Yoyote inayoanza na salamu ifutwe huko huko. Habari za siku nyingi, watoto hawajambo... Mwenye shida ya kweli ana muda wa hayo?"

"Lakini bosi, kwetu sisi nani anaanza na shida?"

"Sikitu, fanya nilivyokwambia."

Ikafanyika. Lo, raha iliyoje! Wajanja waligundua upesi, wakawa wanaanza na neno DHARURA hata wakiomba likizo. Wenye adabu hawakusikika tena, na yeye akadhani dunia imetulia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja ikaingia barua ya Atupele, dada yake aliyekuwa akiishi na mama yao kijijini. Haikuwa na salamu.

"Mama tumemzika juzi. Barua zote nilizokutumia alinitamkia yeye mwenyewe, kitandani. Nilimwambia tuanze na ugonjwa, akakataa. Alisema, 'Msalimie kwanza mwanangu, asije akashtuka.' Kila siku aliniuliza kama umejibu. Mimi sina salamu ya kukupa tena."

Mwaijande alishuka ngazi mbio, tai imemrukia begani.

"Sikitu, nitafutie barua za dada yangu. Hata moja tu, tafadhali!"

Sikitu alitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye. "Pole sana, bosi. Za mlangoni zinafutwa. Hazikuwahi kuingia ndani."

Maskini ya Mungu, mkurugenzi mzima akaketi sakafuni na suti yake, akalia kama mtoto. Ugonjwa alikuwa ameshauelewa. Alichotaka sasa ni kusoma mama yake alivyomsalimia.

Funzo: Mwache mtu amalize kusema, ndipo uamue kama ana la maana. Wengi wanaotupenda huanza na salamu, na jambo lenyewe hulileta baadaye.