Kibuyu Aliyepaa Bila Mbawa

Paukwa!

"Pakawa!"

Mh! Siwema hujaitika. Una karanga zangu mdomoni, nakuona. Haya, tafuna. Hapo kale, kabla ninyi hamjajifunza kuniibia, alikuwepo Mama Nguchiro. Huyo alikuwa hamwamini mtu. Hata kivuli chake alikigeukia: "Wanifuata nini wewe?"

Siku moja Tai akamnyakua mwanawe, akamweka juu ya mwamba mrefu, unaoteleza, usiopandika. "Nakwenda kuwaita wanangu," akasema Tai. "Tukirudi, tunakula."

Mama Nguchiro akapiga yowe. Kibuyu cha togwa, aliyekaa mlangoni, akamwambia, "Nifunge kamba shingoni, mama. Mimi nitaipandisha."

"Wewe? Mbawa huna, miguu huna!"

"Nikiitupa togwa chini kwa nguvu, nayo inanisukuma juu. Nizibe kwa gunzi, unitikise, uniweke juani."

"Nikuzibe? Unaficha nini humo tumboni?" Akamfunga kamba shingoni, akamlaza wazi, bila gunzi. Togwa ikatoka chururu, chururu. Kibuyu hakwenda popote.

"Nilijua! Mwongo mkubwa!"

"Imetoka polepole, mama. Itoke kwa kishindo."

Juu ya mwamba mtoto analia, "Mama! Mama!" Mama Nguchiro akamjaza tena togwa, akamziba, akamtikisa, akamweka juani. Lakini mdomo akauelekeza juu. Kwao, mwenye kupindua kibuyu cha togwa anaifukuza baraka nyumbani. Tena alitaka kuichunga togwa yake kwa macho.

Togwa ikachacha, ikavimba. Pu! Gunzi juu, togwa juu, Kibuyu akadidimia mpaka kiunoni katika matope ya togwa ile ya kwanza.

"Unachimba unitoroke!"

"Mama, togwa imekwenda juu, mimi nimekwenda chini. Nipindue."

"Shangazi, akipinduliwa si atasukuma ardhi?"

Ardhi gani, Mbwego? Ngoja uone.

Mtungini ilibaki togwa ya mwisho. Mara Tai akasikika kwa mbali, kwii! Mama Nguchiro akamjaza Kibuyu, akamziba, akamtikisa, akamsimamisha kichwa chini kati ya mawe yenye jua kali. "Ukikimbia na kamba yangu, nitakusaka!"

Pu! Togwa ikamrukia Mama Nguchiro usoni, machoni, masikioni. Kibuyu huyoo! Ameshaiacha ardhi, Mbwego, hagusi kitu, na bado anapanda, kwa kuwa bado anatupa togwa. Akaufikia mwamba, akakwama kwenye ufa, kamba ikaning'inia. Mtoto akaishika, akateremka, akaangukia kifuani kwa mama yake.

Mama Nguchiro akamkagua mkia, akamkagua masikio. Mzima kabisa. Kisha akatazama juu, macho yakiwa yale yale. "Wewe Kibuyu! Mbona hushuki? Unanifichia nini huko?"

"Sifichi kitu, mama. Nimekwama, nami sina tena cha kutupa."

Tai akatua. Wakasikia mdomo wake ukigonga, ko, ko, ko, kisha vipande vya Kibuyu vikaanguka chini. Mama Nguchiro akaketi chini, akalia kwa uchungu na aibu, togwa bado inamchuruzika usoni.

Basi, wanangu, kabla hujamwita mtu mwizi, tazama kwanza amekutolea nini. Ngano yangu imekomea huko mwambani, mimi nimeshuka.