Mavi ya Nyati Yavuka Bahari

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika mbuga ya Lukwale, waliishi nyati wengi sana. Walikula majani, wakashiba, wakaangusha mavi. Pwaa! Watoto chekeni, lakini hata wazee nawaona mnacheka.

Kwenye mavi hayo aliishi Bi Dundu. Mdogo, mweusi, hodari. Kazi yake anakata tonge la mavi, analiviringisha, biringi, biringi, analizika ardhini, anataga mayai humo. Watoto wake wanakula humo humo.

Siku moja akaja Korongo, ndege wa safari, kutoka ng'ambo ya bahari. Kabeba magunia matupu.

"Hodi wenyeji! Huko ng'ambo wanaitaka sana samadi yenu. Nipeni gunia, niwape jiwe la chumvi."

Nyati Mkubwa, jike kiongozi wa kundi, akashangaa. "Mavi haya haya?"

"Haya haya, mama."

"Basi zoa!"

Leo akazoa, kesho akazoa, misimu ikapita akizoa. Nyati wakalamba chumvi, wakaanza kuringa. Ukiwapita wanakuambia, "Mavi yangu yameshavuka bahari. Wewe umefika wapi?"

Bi Dundu tumbo likajaa mayai. Akatafuta mavi. Hamna. Akaenda kwa Nyati Mkubwa.

"Shikamoo, mama. Niachie tonge moja nitage. Siku zangu zimefika."

"Marahaba. Yote ni ya Korongo, mwanangu. Katage mchangani."

"Mchangani watoto watakula nini?"

Nyati Mkubwa akalamba chumvi yake. Nyam, nyam.

Bi Dundu akajiuliza: kwani huko ng'ambo wanayafanyia nini? Wanayala? Wanajipaka? Akajipenyeza kwenye gunia. Kimya.

Korongo akaruka. Puru, puru, puru! Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gunia likamwagwa. Bi Dundu akachungulia. Lo! Majani! Marefu kuliko nyati! Ardhi nyeusi, laini. Na sungura wa huko wanatandaza mavi, wanatandaza, wanaimba.

Tonge liko mbele yake, na mayai yanamsukuma. Alitamani atage pale pale. Akajizuia. "Nikibaki hapa, nani atawaambia kule nyumbani?" Korongo alikuwa anafunga mzigo wa majani wa kurudi nao. Bi Dundu akaingia ndani ya mzigo huo.

Huku Lukwale ardhi imekuwa ngumu kama sufuria. Hailishwi mavi, haina dundu wa kuitoboa. Mvua ikinyesha, maji yanateleza yanaenda zake. Majani yamekauka. Nyati wana chumvi tele, na mbavu unazihesabu.

Korongo akatua. "Wenyeji, leo nimewaletea majani! Mzigo mmoja kwa magunia kumi ya samadi."

Nyati wakameza mate. Bi Dundu akachomoka kwenye mzigo.

"Mama, ngoja! Muulize yameota juu ya nini."

"Yameota juu ya nini, Korongo?"

Korongo akajikuna shingo. "Mimi mchukuzi tu, mama. Mlinipa, nikapeleka."

"Yameota juu ya mavi yenu!" akasema Bi Dundu. "Nimeona kwa macho yangu. Malisho yenu mmeyalamba pamoja na chumvi!"

Sasa, nyati wana desturi yao. Wakitaka kuamua jambo hawapigi kelele. Majike wanasimama, kila mmoja anageuza uso upande anaoutaka. Penye nyuso nyingi, kundi linafuata.

Wa kwanza akageukia majani ya Korongo. Wa pili, majani. Njaa, jamani! Wa tatu akamtazama Bi Dundu na tumbo lake, akageukia mbuga kavu. Wa nne, mbuga. Wengine wote hivyo hivyo, nusu huku, nusu kule.

Akabaki Nyati Mkubwa. Udenda unamtoka, cho, cho, cho. Akayatazama majani. Akayatazama tena. Halafu taratibu akayapa mgongo. Pwaa!

"Hilo lako, mwanangu. Katage."

"Na mimi je?" akauliza Korongo.

"Wewe utarudi ardhi ikishashiba. Kikibaki, tutazungumza."

Bi Dundu hata hakushukuru. Alishaanza kukata tonge.

Basi wakubwa kwa wadogo, kabla hujapeleka kitu cha kwenu mbali, uliza kwanza hapa nyumbani kinafanya kazi gani. Ardhi nayo ina fungu lake, na fungu hilo litoke kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye swali na aulize.