Mti wa Mlangoni kwa Mize

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa mti.
Mti una nini?
Una maua.
Basi walio nyuma wasogee, walio mbele wanyamaze.

Hapo kale palikuwa na kijiji chenye desturi yake. Kila asubuhi ya siku ya Mwaka, mwaka mpya unapoanza, sheha, mkubwa wa kijiji, alipita nyumba hadi nyumba. Hakupiga hodi. Alitazama mlango tu. Nyumba yenye mti mlangoni, na ua lililochanua asubuhi ile ile, ilihesabiwa ina mwenyewe. Isiyo na ua ilihesabiwa gofu, akapewa anayeitaka. Ua la jana halikukubaliwa. Ua la kuazima halikukubaliwa. Sikuitunga mimi desturi hiyo, msinitazame hivyo.

Katika kijiji hicho aliishi msichana, jina lake Mize. Mama yake alikufa akamwachia nyumba ya vyumba viwili, na mlangoni kisiki kikavu. Nyumba iliyofiwa ilisamehewa Mwaka mmoja, ikasamehewa wa pili. Wa tatu haukuwa na msamaha.

Jirani yake alikuwa Mzee Vuai. Mbuzi wake wengi, banda lake dogo, na banda hilo, kando ya mlango wake, lilipakana na ukuta wa Mize. Mmeshaelewa alichokitaka.

Mize akaenda kwa shangazi yake, akakata kijiti cha haibiskasi, unene wa kidole gumba. Haibiskasi mnaijua: ua jekundu, pana kama kiganja, na ulimi mrefu unaochungulia katikati. Akapukutisha majani ya chini, akakichomeka mlangoni kwa mshazari, akakitilia kivuli cha kuti. Kijiti kikashika.

Vuai akaja kukitazama.

"Mwanangu," akasema, "mti huu una kiu. Utilie maji asubuhi, utilie mchana, utilie jioni."

"Ahsante, Ami Vuai."

Mize akautilia asubuhi, akautilia mchana, akautilia jioni. Majani yakageuka manjano, yakaanguka. Siku zile hakulala vizuri. Mwisho akatia kidole udongoni, akakinusa. Kilinuka mtaro. Akaacha kumwagilia. Akachanganya udongo na mchanga na samadi, na tangu hapo akawa anangoja udongo ukauke juu ndipo atie maji. Mti ukarudisha majani.

Vuai akaona ushauri haukutosha. Akarefusha kamba ya beberu wake. Beberu akafika mlangoni kwa Mize, akala ncha za matawi yote. Kamba ilikuwa bado ndefu, basi wakati wa kurudi akala na myasmini wa mlangoni kwa Vuai mwenyewe, akabakisha vijiti. Vuai alimpa Mize pole, akasema mbuzi hana akili. Kuhusu myasmini hakusema kitu.

Mize alilia kidogo, kisha akachukua kisu akasawazisha yaliyotafunwa. Je, mti ulikufa? Haukufa. Palipokatwa ncha moja pakatoka machipukizi mawili, pengine matatu. Mti ukatanuka, ukapita dirisha, ukagusa paa. Ukajaa maua.

Mwaka wa tatu ukakaribia. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, jua halijazama, Mize akaenda kisimani. Vuai akaja na pakacha. Akachuma maua mapana ya juu, akachuma ya katikati, akachuma ya chini. Yaliyokunjika kama miavuli aliyaacha, akidhani yamekwisha. Shabaha yake ilikuwa moja: mlango wa Mize uwe mtupu, na maua yale ayafunge kwa uzi kwenye vijiti vyake vya myasmini.

Mize akarudi, ndoo kichwani. Mti ulikuwa kijani kitupu. Vuai alikuwa amesimama mlangoni kwake mwenyewe.

"Pole, mwanangu. Wezi wamezidi hapa kwetu."

Mize akashika moja lililokunjika. Lilikuwa gumu.

"Wameacha yaliyokunjika, Ami."

"Hayo maiti. Nani aibe maiti?"

Mize akaingia ndani, akafunga mlango.

Kati yenu nani amewahi kupanda haibiskasi? Huyo anyamaze, asiwaharibie wenzake.

Ua la haibiskasi lina siku moja. Asubuhi huchanua, jioni hujikunja, kisha huanguka. Yaliyoachwa yalikuwa matumba, maua ya kesho yake; kulipopambazuka yote yalikuwa wazi, na mti ulikuwa mwekundu kutoka paani hadi chini. Na kwa Vuai? Kwenye vijiti vilining'inia vitambaa vya rangi ya zambarau, vimelowa, vinateleza.

Sheha akaja na watu nyuma yake. Kwa Mize akatazama, akapita. Kwa Vuai akasimama. Akavuta uzi.

"Nyumba hii gofu," akasema. "Nani anaitaka?"

Watu wakamtazama Mize.

"Siitaki," akasema Mize. "Ami Vuai na apande mti wake."

Akakata kijiti kwenye mti wake, akampa kwa mikono miwili.

"Ami, huu una kiu. Utilie maji asubuhi, utilie mchana, utilie jioni."

Vuai akakishika kijiti. Akakigeuzageuza.

"Mbona humjibu mtoto?" sheha akauliza.

Vuai akatazama miguu yake. Akikubali, mti utaoza, na Mwaka ujao nyumba itakwenda. Akikataa, itabidi aseme kwa nini.

"Ukitiliwa hivyo utaoza," akasema.

"Umejua lini, Ami?"

"Nilijua siku zote, mwanangu."

Watu wote wakasikia. Beberu naye alikuwapo.

Sheha akaamuru banda livunjwe, mbuzi wahamie uani, na kijiti kipandwe pale pale banda lilipokuwa. Vuai akapewa hadi Mwaka ujao. Mti wake ulishika. Na kila jioni, kabla ya kugusa ndoo, alionekana akitia kidole udongoni, akikinusa.

Ngano yangu imejikunja. Mwenye yake aichanue.