Sultani Aliyepaka Mto Chokaa

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Nadhiri, aliyechimba shaba mlimani mpaka mlima ukatoboka kama jino bovu. Maji yaliyovuja kutoka shimoni yalikuwa machachu, mekundu kama kutu, yakaingia mtoni bila hodi. Samaki wakaelea matumbo juu. Mpunga ukanyauka. Watu wakalalamika wee, mpaka Sultani, kwa huruma zake, akaamua kuusafisha mto.

Mnajua alivyousafisha? Akaagiza chokaa magunia kwa magunia. Badala ya kuimwaga majini ipunguze ule ukali, akaamuru ipakwe mawe ya ukingoni! Mawe yakang'aa kama meno ya bibi harusi. Maji yakaendelea kupita katikati yake, mekundu vilevile.

Kisha ikapigwa mbiu: kila mtu aje mtoni, anywe kikombe kimoja, aseme, "Asante Sultani kwa maji safi." Asiyekunywa atanyang'anywa alicho nacho, ahame nchi.

Watu wakapanga foleni, nyuso zimekunjamana. Mbele kabisa alikuwa Mize binti Kombo, mjane mkulima wa mpunga, mwenye ulimi ulioogopwa hata na mashemeji zake. Alikuwa na kishamba kimoja tu, na hakuwa na nia ya kukitoa kwa mtu. Waziri akamkabidhi kikombe. Mize akakinusa. Pua ikamwasha.

"Kunywa!" akafoka Sultani, ameketi chini ya mwavuli.

"Nitakunywa, bwana wangu. Kwanza, mto huu wa nani?"

"Swali gani hilo? Wangu!"

"Na maji?"

"Yangu."

"Hata haya mekundu?"

"Si mekundu! Na ni yangu, tone kwa tone."

"Kikombe je?"

"Changu! Wewe hapa una nini zaidi ya mdomo?"

"Sina kitu, bwana. Mimi mgeni wako tu."

"Naam, mgeni. Tena mgeni asiye na adabu."

"Adabu ninayo, ndiyo inayonizuia." Mize akapiga magoti, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili. "Desturi yetu sote, mwenyeji huonja kwanza, mgeni akaona, moyo ukatulia. Haya, mwenyeji wetu, bismillahi."

Sultani akakitazama kikombe kama anayetazama nyoka.

"Waziri ataonja."

"Waziri si mwenyeji. Juzi tulipouliza nani kauchafua mto, aliapa kwamba haumhusu."

"Kweli kabisa, haunihusu!" Waziri akadakia, huku anarudi nyuma.

"Sina kiu," akasema Sultani.

"Kwani sisi tumeletwa hapa na kiu?"

"Tumbo langu halijazoea maji ya mtoni."

"Na yetu nani kakwambia yamezoea kutu?"

"Mwanamke, sinywi! Nimesema sinywi! Mtu mwenye akili timamu anywe uchafu huu?"

Mize akainuka, akajipangusa magoti. Akakimimina kikombe juu ya jiwe jeupe. Chokaa ikatoa povu, ikaacha doa jekundu. Akawageukia watu.

"Jamani, mmemsikia kwa masikio yenu. Hanywi."

Kisha akamrudia Sultani, sauti laini kama ya mtu aliyefiwa.

"Pole sana, bwana wangu. Sasa unahamia nchi gani? Maana sisi hatuna tabia ya kumwacha mtu aondoke bila kumsindikiza."